Ombi la kuunganisha sola kubwa kwenye gridi limekwama: dalili, chanzo na la kufanya

Mtambo mdogo wa sola katika nchi nyingi unafungwa, unawashwa, kisha kampuni ya umeme inajulishwa. Uingereza, kwa mfano, mpaka wa mtambo mdogo kwa kawaida ni ampea 16 kwa kila fezi, yaani takribani kilowati 3.68 kwa nyumba ya fezi moja. Ukiuvuka, huunganishi chochote mpaka kampuni yenye nyaya ikubali kwa maandishi. Nchi nyingine zimeweka mpaka wake juu zaidi au chini zaidi, lakini karibu kila mahali upo, na ng'ambo ya mpaka huo ndiko miradi mingi ya shule, karakana, mashamba na majengo ya biashara inakokwama.

Kabla ya kutafuta dalili yako hapa chini, jiweke kwenye kiti cha mhandisi anayesoma ombi. Hapimi kama sola ni nzuri au mbaya. Ana maswali mawili. La kwanza: saa sita mchana, jua kali, majirani hawatumii umeme, laini yangu itakuwaje mtambo huu ukisukuma kwa nguvu zake zote? La pili: laini yangu ikikatika, mtambo huu utanyamaza mara moja? Ombi linalokwama mara nyingi limeacha mojawapo ya maswali hayo bila jibu, hata kama barua ya kukataa imeandikwa kwa lugha nyingine kabisa.

"Wamerudisha fomu, hakuna hata maelezo ya kiufundi"

Ombi likirudi mapema namna hii, bado halijafika kwa mhandisi. Limekwama kwa karani anayekagua kama karatasi zimekamilika na zinapatana. Mara nyingi hazipatani kwenye uwezo wa mtambo.

Mtambo mmoja una namba tatu halali. Kuna jumla ya paneli, inayoandikwa kWp. Kuna uwezo wa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli kuwa umeme wa AC kama wa gridi, unaoandikwa kW. Kuna pia uwezo wa jumla wa inveta hiyohiyo, unaoandikwa kVA, ambao unaweza kuzidi kW kidogo. Chukua mtambo wenye paneli za kWp 36 na inveta ya kW 30 yenye kVA 33. Fomu imejazwa 36, mchoro unaonyesha 30, cheti cha inveta kinasema 33. Aliyejaza hakudanganya popote, lakini msomaji ana mitambo mitatu mezani na hajui anaombwa kuruhusu upi. Andika namba zote tatu, kila moja na jina lake, na uzirudie vilevile kwenye kila karatasi. Paneli kuzidi inveta ni jambo la kawaida wala si kosa, kwa sababu gridi inakutana na inveta, si na paneli.

Betri ndiyo inayowashangaza watu zaidi. Betri yenye inveta yake, iliyounganishwa upande wa AC, huhesabiwa kama chanzo kingine cha umeme. Sola ya kW 30 na inveta ya betri ya kW 15 husomwa kuwa kW 45, hata kama nia yako ni kuhifadhi tu umeme wa usiku. Nia haionekani kwenye nyaya. Kama betri haitasukuma umeme nje, onyesha kifaa kinachoizuia, kilipofungwa, na kinavyofanya kazi. Inveta moja inayobeba paneli na betri kwa pamoja kwa kawaida huhesabiwa mara moja, na kwa mitambo iliyo karibu na mpaka hilo linaweza kuamua unajaza fomu ipi.

Cheti nacho kikague herufi kwa herufi. Viwanda vya inveta hutoa modeli zinazotofautiana kwa herufi moja ya mwisho, na cheti cha modeli jirani hakikusaidii. Halafu angalia ni kiwango gani kilichopimwa. Inveta iliyopasi IEEE 1547, inayotumika Marekani, haijapasi EN 50549 ya Ulaya kwa kupasi hiyo ya kwanza. Linganisha maandishi ya cheti na kibao kilichobandikwa ubavuni mwa inveta yenyewe, usitegemee karatasi ya matangazo.

Mchoro wa umeme wa mstari mmoja uanze kwenye paneli na uishie kwenye mita au transfoma. Njiani uonyeshe kila swichi ya kukatia, kila breka na ukubwa wake, kila kebo na urefu wake. Urefu wa kebo ndio unaosahaulika mara nyingi, na bila huo mhandisi hawezi kupiga hesabu utakayoiona hapa chini. Mwisho, jina la mwombaji lilingane na jina la mwenye akaunti ya umeme. Jengo la kupanga bila barua ya mwenye nyumba litarudishwa kila mara.

"Hawajibu"

Uliza swali moja: saa imeanza kuhesabu lini? Kampuni nyingi huhesabu muda wa kujibu tangu siku ombi lilipokubaliwa kuwa kamili na ada kulipwa, si siku ulipolituma. Unaweza kuwa unangoja jibu la ombi ambalo kwao halijazaliwa. Omba uthibitisho wa maandishi wenye tarehe hiyo na namba ya faili. Kimya kisichukuliwe kuwa ruhusa, isipokuwa kanuni za mahali ulipo zinasema hivyo waziwazi.

"Wamesema volti zitapanda kupita kiasi"

Hapa ndipo penye kazi ya kweli, na ndipo mwombaji anapoweza kubadilisha jibu kwa kalamu na kebo.

Ili inveta isukume umeme kuelekea kwenye transfoma, volti zake lazima zizidi kidogo zile za laini. Kadiri kebo inavyorefuka na kuwa nyembamba, ndivyo volti hizo zinavyolazimika kupanda zaidi. Mahali penye umeme wa volti 230, upeo wa kawaida ni asilimia 10 juu, yaani volti 253. Laini ikifika hapo, vifaa vya majirani huanza kuteseka na inveta hujizima zenyewe.

Tupige hesabu. Mtambo wa kW 30 wa fezi tatu hutoa takribani ampea 43 kwa kila fezi. Kebo ni ya shaba, milimita za mraba 16, urefu mita 80. Upinzani wa waya huo ni takribani omu 1.15 kwa kilomita, kwa hiyo mita 80 ni omu 0.092. Zidisha kwa ampea 43: volti zinapanda kwa 4 hivi, au asilimia 1.7 ya 230. Australia inaruhusu asilimia 2 kutoka inveta hadi sehemu ya kuunganishia, kwa hiyo mtu anaweza kusema yuko ndani ya kikomo. Lakini upinzani huo ni wa waya wenye joto la nyuzi 20. Waya uliobeba mzigo mchana kutwa ukafika nyuzi 70 una upinzani zaidi kwa asilimia 20 hivi, na sasa tumefika volti 4.8, juu kidogo ya asilimia 2. Ombi limekataliwa kwa sababu ya joto ambalo mwombaji hakulihesabu. Kwa kebo ya milimita za mraba 35, yenye omu 0.524 kwa kilomita, kupanda kunabaki chini ya asilimia 1 hata waya ukiwa wa moto.

Sasa chukua kW 10 tu, lakini zote kwenye fezi moja. Ampea ni zilezile 43. Tofauti ni kwamba kwenye fezi tatu zilizosawazishwa nyutro haibebi kitu, ilhali kwenye fezi moja umeme unarudi kwa nyutro na upinzani unahesabiwa kwenda na kurudi. Kebo ileile ya 16 inapandisha volti 8. Yaani theluthi ya mtambo inaleta usumbufu mara mbili. Ndiyo maana kampuni nyingi hukataa mitambo ya ukubwa wa kati ya fezi moja bila mjadala, na kuvuta fezi tatu huweza kufungua mlango ambao kupunguza paneli hakungeufungua.

Hesabu hiyo ni ya upande wako wa mita. Upande wao una hesabu yake, na ni muhimu kujua tatizo liko upande upi kabla hujanunua chochote. Pima volti kwenye mita mchana wa jua, mtambo wako ukiwa umezimwa au haujafungwa. Ukikuta 247, laini tayari imejaa: umebakiwa na volti 6 kabla ya 253, na pengine jirani mwenye sola ndiye aliyezipandisha. Ukikuta 232, nafasi ipo, na kikwazo kina uwezekano mkubwa wa kuwa kebo yako au urefu wa laini kutoka kwenye transfoma. Rekodi ya wiki nzima, siku za mapumziko zikiwemo, ina uzito zaidi mbele ya mhandisi kuliko kipimo kimoja, na baadhi ya kanuni hutazama wastani wa dakika 10, si kilele cha sekunde.

Kama volti za laini ziko juu saa zote, hata usiku wenye matumizi makubwa, omba wakague mpangilio wa transfoma. Transfoma nyingi za mitaani zina hatua za kurekebisha volti, mara nyingi za asilimia 2.5 kila moja, ila hubadilishwa umeme ukiwa umekatwa. Kampuni ndiyo yenye uamuzi, kwa kuwa kushusha mchana kunaweza kumwangusha mteja wa mwisho wa laini usiku.

Inveta za kisasa pia huweza kuvuta umeme tendani (reactive power, umeme unaokwenda na kurudi kwenye laini bila kufanya kazi) ili kushusha volti, na kupunguza uzalishaji polepole volti zikipanda badala ya kuzima ghafla. Pendekeza mpangilio huo kwenye ombi lenyewe. Usiutegemee kupita kiasi, hata hivyo. Kwenye kebo za msongo mdogo, upinzani wa kawaida ndio unaotawala, na umeme tendani unasaidia kidogo kuliko unavyosaidia kwenye laini ndefu za msongo wa kati.

"Wamesema transfoma imejaa"

Unakwenda kuitazama transfoma, haina joto, haina kelele, na mtaa unatumia umeme mdogo. Kwako ni kama uongo. Lakini matumizi kuwa madogo ndiyo shida yenyewe. Sola ikizidi matumizi ya mtaa, umeme unapanda kinyumenyume kupitia transfoma kuelekea msongo wa juu, na vifaa vya kudhibiti volti na kinga vilivyopangwa kwa umeme wa kushuka huenda visiuelewe.

Kuna jambo jingine usiloliona kwa macho: foleni. Mwombaji aliyepata ruhusa kabla yako ameshahesabiwa, hata kama paneli zake bado ziko kwenye maboksi. Marekani, kwa mfano, kanuni za uchujaji wa haraka zimetumia kwa miaka mingi kigezo cha asilimia 15: mitambo yote ya kipande cha laini ikizidi asilimia 15 ya kilele cha matumizi ya kipande hicho, ombi linatoka kwenye njia ya mkato na kwenda kuchunguzwa zaidi. Halijakataliwa. Watu huisoma barua ya namna hiyo kama hapana na kuacha mradi, wakati ilikuwa inawaambia waombe uchunguzi wa hatua ya pili.

Badala ya kuuliza kwa nini wamekataa, uliza hivi: "Mnaweza kukubali kiasi gani kiingie kwenye gridi kutoka sehemu hii, bila kuongeza kifaa chochote upande wenu?" Swali hilo lina jibu la namba. Wakisema kW 12 nawe una mtambo wa kW 30, hujapoteza kW 18. Umepata kikomo cha kusukuma nje, na zilizobaki unaweza kuzitumia mwenyewe.

Kikomo hutekelezwa na kipimo kwenye mita kuu kinachoiambia inveta ipunguze. Kampuni haitakuamini kwa neno. Itataka kujua kipimo kikikatika waya au mawasiliano yakifa, inveta itafanya nini. Jibu sahihi ni moja: inashuka hadi kiwango salama, au inazima, ndani ya muda uliowekwa na kanuni. Mfumo unaoendelea kusukuma kwa sababu haujasikia chochote utakataliwa, na kwa haki.

Kabla ya kukubali kikomo, angalia matumizi yako ya mchana siku ya chini kabisa, si wastani. Karakana inayotumia kW 25 siku za kazi na kW 2 siku ya mapumziko itatupa jua jingi siku hiyo ya pili. Wakati mwingine betri inalipa, wakati mwingine mtambo wa kW 20 ni bora kuliko wa kW 30 uliofungwa kamba. Hesabu hiyo ni yako, kampuni haitakufanyia.

Sababu ya mkondo wa hitilafu, yaani umeme unaomiminika waya zinapogusana, hutajwa kwa mitambo mikubwa zaidi. Kwa sola peke yake ni nadra kuwa kikwazo halisi, maana inveta huchangia kidogo tu zaidi ya mkondo wake wa kawaida, tofauti na jenereta inayozunguka ambayo humwaga mara kadhaa. Kama barua imetaja hilo, hakikisha hawajatumia takwimu za jenereta, kisha wapelekee takwimu ya mtengenezaji wa inveta.

"Wamekubali, lakini gharama inaua mradi"

Omba mchanganuo. Tenganisha kazi ya kukuunganisha wewe na kazi ya kuimarisha mtandao unaotumiwa na wengine, kwa sababu mahali pengi kanuni za nani analipa nini hutofautisha hizo mbili. Uliza pia ni kiasi gani ukipunguza gharama ya kuimarisha inaondoka kabisa. Mara nyingi kuna ngazi: kW 50 inadai transfoma mpya, kW 44 haidai kitu. Ngazi hiyo haitaandikwa kwenye barua usipoiulizia. Angalia na tarehe ya mwisho ya kukubali, maana ofa ikipita muda nafasi yako kwenye foleni huenda kwa mwingine.

"Ruhusa tunayo, tumeshindwa siku ya majaribio"

Hapa mambo ni machache na yanajirudia. Inveta imeachwa kwenye mpangilio wa nchi nyingine, kwa hiyo mipaka yake ya volti na masafa (mizunguko ya umeme kwa sekunde, inayopimwa kwa Hz) si ya gridi yenu. Usilione hilo kuwa dogo. Ujerumani iliwahi kuwa na maelfu mengi ya inveta zilizopangwa zote kuzima masafa yakifika Hz 50.2, na ilibidi sheria itungwe mwaka 2012 kulazimisha mitambo ya zaidi ya kW 10 ibadilishwe, kwa kuhofia kwamba siku moja zote zingezima kwa pamoja na kuangusha gridi. Mpangilio mmoja kwenye inveta moja hauna madhara. Shida ni kwamba mkaguzi anazijumlisha zote.

Klampu ya kupima mkondo imefungwa kinyume. Mfumo unaona umeme unaotoka kama unaoingia, na kikomo kinafanya kazi upande usio wake. Washa mzigo mkubwa sola ikiwa imezimwa: kipimo lazima kionyeshe unanunua. Fanya hivyo kwa kila fezi, maana klampu ya fezi ya kwanza kuwekwa kwenye waya wa fezi ya pili nako huleta namba za ajabu.

Jaribio la gridi kukatika halina mjadala. Viwango vingi hudai inveta iache kusukuma ndani ya sekunde 2. Kuna fundi juu ya nguzo anayeamini waya umekufa. Kwa mitambo mikubwa hutakiwa pia rilei tofauti ya kinga (kifaa kinachopima gridi na kuamuru mtambo ukatwe) nje ya inveta, yenye mipangilio iliyofungwa kwa neno la siri na karatasi ya matokeo ya majaribio. Fanya jaribio hilo mwenyewe kabla ya siku ya ukaguzi, ukiwa na fundi mwenye leseni, na uandike sekunde zilizopimwa.

"Umewashwa, umepitishwa, lakini unajizima mchana"

Soma kumbukumbu ya makosa ya inveta. Kama ni volti za juu, linganisha volti kwenye inveta na kwenye mita kwa dakika ileile. Inveta ikisoma 254 na mita 246, volti 8 ni zako: kebo nyembamba, au kiungo kilicholegea, ambacho pia kinaweza kuwasha moto, kwa hiyo kikaguliwe siku hiyohiyo. Mita nayo ikisoma 253, ni za laini, na rekodi hiyo ndiyo ya kuambatisha kwenye malalamiko. Fundi atakayependekeza kupandisha kikomo cha inveta ili isizime, mkatalie. Ruhusa yako ilitolewa kwa mipangilio ile.

Vivyo hivyo inveta ikifa baada ya miaka na ikanunuliwa ya modeli nyingine, au ukiongeza betri au paneli: ruhusa iliandikwa kwa vifaa vilivyotajwa kwenye faili. Tuma taarifa ya mabadiliko pamoja na cheti kipya kabla ya kuwasha, na weka nakala ya barua ya ruhusa na karatasi ya mipangilio ndani ya mlango wa boksi la breka, mahali fundi atakayefuata atakapoiona kabla hajagusa chochote.